Kidole Gumba cha Kushoto

Mauza alikuwa hajawahi kucheza gemu lolote maishani mwake mpaka figo za mdogo wake zilipogoma kufanya kazi.

Alikuwa na duka la vitenge Kariakoo, kwenye mtaa ambao ukisimama kidogo kufikiri, mkokoteni unakugonga kisigino na mwenye mkokoteni ndiye anayekufokea. Mauza alikuwa mwepesi wa mdomo na wa miguu, na ndivyo alivyodumu pale. Awadhi, mdogo wake, alikuwa fundi simu mtaa wa Gerezani, mtu mpole wa kuinamia vitu vidogo. Wazazi wao walishafariki na Awadhi hakuwa na mke, kwa hiyo ugonjwa ulipoingia ilikuwa wazi nani atakaa naye. Mara tatu kwa wiki Mauza alimwachia mumewe duka, akafuatana na Awadhi hospitali kusafishwa damu.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kukaa tu. Awadhi alilala kwenye kiti kirefu, sindano mbili zikachomwa mkono wake wa kushoto, moja ya kutoa damu kwenda kwenye mashine na nyingine ya kuirudisha. Mkono ule haukutakiwa kutikisika mpaka mwisho. Awadhi alitazama dari. Mauza alijibu wateja kwenye simu: zambarau ipo, ya kijani imeisha. Hawakuwa na mengi ya kuongea. Mauza alimbeba mgongoni alipokuwa mchanga, kisha akaolewa, na hapo katikati ilipita miaka mingi ambayo kila mtu alikuwa na shughuli zake.

"Da Mauza," Awadhi alisema asubuhi moja, "niazime kidole gumba."

"Kidole?"

"Cha kushoto." Simu yake ilikuwa imelazwa kwenye mto juu ya tumbo. "Mkono wa kulia ninao. Wa kulia unatazama na kupiga risasi. Wa kushoto ndio miguu. Humu ndani mimi sina miguu."

Akamweleza. Ndege inapita juu ya kisiwa, watu wapata mia wanaruka na parachuti, kila mmoja mikono mitupu. Chini wanaingia majumbani kuokota silaha na kuanza kuwindana. Na kuna duara kwenye ramani. Aliye nje ya duara anaungua. Duara linapungua, linapungua, mpaka abaki mtu mmoja.

Mauza aliona upuuzi, lakini aliona pia uso wa mdogo wake, akavuta stuli upande wa kushoto na kuweka kidole. Waliporuka akaelekeza parachuti moja kwa moja kwenye mji mkubwa wa katikati.

"Siyo huko!"

"Si ndiko kwenye vitu?"

"Ndiko kwenye watu."

"Mimi mfanyabiashara, Awadhi. Naenda penye watu."

Walitua juu ya paa, wakakimbia kuteremka ngazi, na kabla hawajaokota hata kisu kioo kikawa chekundu.

"Imekuwaje?" Mauza akauliza.

"Tumekufa."

Kutoka kiti cha jirani sauti nzito ikasema, "Nyie, mnapigana vita gani hapo? Wenzenu tunaumwa." Alikuwa Mzee Melkiori, Mchaga aliyeuza sufuria na sahani kwa jumla Kariakoo tangu Mauza akiwa shule ya msingi. Mauza akamwomba radhi, wakapunguza sauti.

Tangu siku hiyo Awadhi alianza kumfundisha. Alifundisha kwa upole ule ule ambao bila shaka alitumia kuwaambia wateja kwamba simu zao hazitapona. Ruka mbali na njia ya ndege, nyumba mbili tatu za pembeni zinatosha. Tafuta fulana ya kuzuia risasi kabla ya bunduki kubwa. Ukisikia milio, usiende kuchungulia. Usikatize uwanja wazi kama ukuta upo. Na lile lililomchukua Mauza muda mrefu kuliko yote: ukipigwa, usigeuke kutafuta nani kakupiga.

"Kwa nini nisimtafute? Kanipiga!"

"Ukimtafuta atakumaliza. Tafuta ukuta kwanza. Funga kidonda. Yeye utamtafuta baadaye, ukipenda."

Ilikuwa kinyume cha kila kitu alichokijua. Kidole chake kilikuwa na pupa ya Kariakoo. Lakini polepole kikatulia. Walianza kufika nusu, kisha kumi wa mwisho, na Mauza akajikuta anashusha pumzi pamoja na mdogo wake bila kupanga. Mzee Melkiori naye aliacha kulalamika. Siku moja, macho akiwa ameyafumba, akauliza, "Mmebaki wangapi?"

"Shikamoo mzee. Saba."

"Marahaba. Haya, msikimbie-kimbie hovyo."

Ikawa desturi yake. Hata siku ambazo shinikizo la damu lilimshuka na Sista Hyasinta, nesi wa zamu, akalazimika kumwinua miguu, akipata nafuu tu aliuliza: mmebaki wangapi?

Kumbe siku zote hizo Mauza alikuwa na jambo moyoni. Alishapimwa. Alikwenda peke yake, kabla ya mfungo, na daktari akamwambia kwamba figo yake moja inamfaa Awadhi bila shaka yoyote. Alimwambia Ghassan, mumewe, tu. Ghassan aliacha chai yake ipoe, kisha akasema, "Mwili ni wako, Mauza." Awadhi hakuambiwa. Kila walipoingia kwenye ile wodi Mauza alijiahidi kusema, na kila walipotoka alikuwa hajasema. Alikuwa akiwaza kisu. Aliwaza watoto wake wawili. Aliwaza kwamba hata hiyo moja atakayobaki nayo inaweza kugoma, maana walikuwa damu moja, na nani ajuaye. Mdogo wake hakuwahi kumwomba, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

Jumatatu moja walikuta dada mmoja wasiyemfahamu kwenye kiti cha Mzee Melkiori.

Hawakuuliza. Hyasinta alimchoma Awadhi sindano kimya, akabandika plasta, akaondoka haraka. Baadaye akaingia mwanamke mwenye mtandio mweusi, Hyasinta akamkabidhi blanketi la bluu lililokunjwa vizuri. Walilijua lile blanketi. Mwanamke akageuka kuondoka, halafu akasita mbele yao.

"Samahani. Nyie ndio wa vita?"

"Ndiyo, dada," Mauza akajibu.

"Naitwa Joyceline, binti yake Mzee Melkiori. Alikuwa anatuhadithia habari zenu mezani. Alikuwa anataka kujua kama mmewahi kushinda."

"Bado," Awadhi akasema.

Joyceline akaitikia kwa kichwa, akalikumbatia blanketi, akatoka.

Awadhi akageukia dirisha. "Leo sichezi."

Mauza akachukua simu, akailaza juu ya mto, akafungua gemu mwenyewe na kuvuta stuli. Ndege ilipoanza kupita juu ya kisiwa, mkono wa kulia wa Awadhi ulikuja taratibu ukakaa mahali pake.

Walitua kwenye vibanda vitatu ufukoni. Waliokota fulana iliyochakaa na bunduki moja. Walitambaa nyuma ya miamba, duara likipungua nao wakilifuata kando kando, bila kumchokoza mtu. Ishirini. Kumi na moja. Watano. Awadhi alikaa wima kidogo. Duara likaanza kusogea tena, na mbele yao palikuwa na mteremko wa nyasi hadi kwenye mtaro.

"Tembea, Da Mauza. Mtaroni."

Kidole cha Mauza hakikwenda.

"Da Mauza. Tunaungua."

"Nafaa," Mauza akasema.

"Unafaa nini?"

"Nilipimwa. Daktari alisema nafaa. Figo yangu."

Awadhi akamgeukia. Kwenye kioo mtu wao aliendelea kuungua mpaka akaanguka, na wote wawili hawakumtazama.

"Tangu lini?"

"Kabla ya mfungo."

"Uliacha kunitazama usoni," Awadhi akasema polepole. "Nilihisi umepimwa, nikadhani wamekwambia haiwezekani, ukashindwa kunipa habari."

"Niliogopa. Hata sasa hivi naogopa, Awadhi. Nisikudanganye."

"Una watoto wadogo."

"Najua nina watoto."

"Sijakuomba."

"Ungeniomba ningekuchukia. Mungu anisamehe, ningekuchukia kabisa. Hukuniomba, ndiyo maana nimeshindwa kulala miezi yote hii. Nakupa. Usinijibu leo."

Awadhi alijaribu kuinua mkono wa kushoto kumshika, akakumbuka sindano, akaacha. Mkono wa kulia ukavuka juu ya mwili wake mpaka ukafika begani kwa dada yake, ukatulia hapo. Alilia bila sauti. Hyasinta aliwaona kutoka mezani kwake, akajifanya anahangaika na makaratasi.

Yaliyofuata hayakuwa rahisi. Palikuwa na vipimo vingine, na madaktari waliomweka Mauza peke yake chumbani kumuuliza kama kuna aliyemlazimisha. Alijibu hapana. Asubuhi ya upasuaji alitetemeka hadi meno yakagongana, Ghassan akiwa amemshika miguu, na akaenda hivyo hivyo, akitetemeka.

Figo ilichelewa kuanza kazi. Ilibidi Awadhi arudishwe kwenye mashine mara moja zaidi, na siku hiyo Mauza, akiwa kitandani na maumivu ya kukata ubavu mzima, aliamini kwamba ametoa bure. Hakumlaumu mtu. Aligeukia ukutani tu.

Lakini ikaanza kazi. Wiki iliyofuata Awadhi aliletwa wodini kwake kwa kiti cha magurudumu, barakoa usoni, amekonda, macho yake meupe kama zamani. Kwa muda wote wa ugonjwa alikuwa anapimiwa maji kwa kikombe cha kahawa, siku nzima, joto lote la Dar, maana mwili haukuwa na mahali pa kuyatoa. Sasa nesi akampa chupa kubwa ya maji na kumwambia anywe, na ikiisha aombe nyingine.

Awadhi akashusha barakoa. Aliishika chupa kwa mikono miwili, akaitazama kama mtu asiyeamini, kisha akainywa.

"Taratibu basi," nesi akasema.

Hakusikia. Mauza alijiinua kwa kiwiko, mkono mmoja juu ya bandeji, akatazama koo la mdogo wake likipanda na kushuka mpaka chupa ikabonyea.