Alvidi Anatafuta Neno

…na sasa ameanza, hatimaye ameanza, "Baba Sabiha, mimi nataka kukuambia… nataka…" halafu amekwama kama kawaida yake, mdomo wazi, macho juu kwenye mabati ya kibaraza changu, analitafuta neno la Kiswahili lililomkimbia, na mimi mguu uko kwenye pedali ya cherehani, sijui nishone au ningoje, maana Alvidi akitafuta neno unaweza ukakunja pindo zima la suruali na bado hajalipata. Siku nyingine namsaidia, namtupia maneno mawili matatu achague, leo simsaidii, leo nataka alitoe mwenyewe, kwa sababu nalijua, au nadhani nalijua, nimelingoja tangu siku ile Chrispin alipokuja hapa kunywa kahawa… Chrispin, kijana wa kanisani kwao, ndiye anayewatafsiria hawa wageni, Alvidi na wenzake, kule Kiabakari wanakopaka rangi madarasa asubuhi, na alinieleza bila hata kupunguza sauti, vijana bwana, kwamba wazungu hawa kabla hawajapanda ndege hukalishwa semina, urafiki kwanza, Injili baadaye, "Wanafundishwaga hivyo, mzee, usimwanzie mtu na dini, mwanzie na habari za watoto," na kahawa nikaiweka chini, kwa sababu Alvidi alikuwa ameshaniuliza habari za watoto wote, mpaka Sabiha aliyeolewa Bunda, mpaka mimba ya Sabiha. Kwa hiyo nilikuwa samaki. Hivyo ndivyo nilivyojiambia, Hamduni, mtu mzima na mvi zako, unapewa chambo na unakila kwa furaha… na kesho yake alipokuja nilimsogezea kiti vilevile, nikamchukia kidogo, nikamtilia kahawa. Hajapata. Anasugua goti, midomo inacheza, "nataka… namna gani…" pole, ndugu yangu, tafuta. Mara ya kwanza alikuja na suruali iliyopasukia kwenye mawe ya Butiama, jitu zima limestaafu kazi ya posta huko kwao Norwe linaparamia mawe na watoto, nikaicheka, akacheka, nikaishona. Kesho yake akaja na shati lisilo na kifungo, na mimi nikaushika ule uzi uliobaki, uzi uliochakaa huacha manyoya, ule ulikuwa umekatwa kwa mkasi, laini kabisa, mtu kakata kifungo chake mwenyewe ili apate sababu ya kuja kwangu, na mimi nikatia kifungo kingine nikakikaza sana ili asikikate tena. Je, kukata kifungo nako kunafundishwa semina? Hilo sikumwuliza Chrispin, ningemwuliza… Jenipher huyo, muuza dagaa, anapita na beseni lake kichwani, "Mzee Hamduni, gauni langu unaliangaliaga tu?" nimemwambia jioni, ameguna, amemtazama mzungu anayetazama mabati, ameenda zake. Mwanaupe, mke wangu, yeye ananicheka tu, juzi alinambia eti namngoja Alvidi kama msichana anayengoja kuposwa ili apate kukataa, na ni kweli, jibu ninalo, nimelipiga pasi siku nyingi, ndugu yangu, mimi ni Mwislamu, baba yangu aliingia Bunda na biashara ya vitambaa akiwa Mwislamu na akazikwa Mwislamu, tuheshimiane. Jibu zuri. Lakini swali haliji! Wiki iliyopita kifua kilipombana Mwanaupe nikasema hapa ndipo, mtu akiwa na shida ndipo wanapomnasa, Alvidi akakaa nami kwenye benchi la hospitali tangu asubuhi mpaka walipotuita, hakutamka dini, alifumba macho tu na midomo ikacheza kama inavyocheza sasa hivi, na mimi tasbihi yangu mkononi nikawa namchungulia, nikitaka kujua anamwambia nini Mungu kuhusu mke wangu, amemtaja kwa jina, au amesema tu yule mama anayepika samaki sato… akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, hiyo naijua, lakini rafiki wa nani, wangu au wa semina? Hilo tu ndilo nataka kujua. Jumamosi anaondoka. Akilisema leo, nikakataa, kesho atakuja au atahamia kwa fundi viatu hapo ng'ambo? Ndiyo kusema naogopa. Naogopa, wala si kwa ajili ya dini yangu, dini yangu iko imara, naogopa kile kiti kitupu mchana. Na hajalipata bado, sasa anahesabu kitu kwa vidole, maskini. Nimeishi na Wakristo maisha yangu yote, kwa mama yangu kule Buswahili ni Wakatoliki watupu, mjomba Isidori alinibeba mabegani, na kila Krismasi ananiita nikachinje mimi ili sote tule, na Idi wanakuja kwetu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia anaamini nini, wala mimi sijawahi kumwambia yeyote, tunapeana nyama na kuulizana hali ya mihogo. Ni vizuri hivyo, tumeishi kwa amani. Lakini huyu kavuka bahari, goti bovu, joto hili, kuna jambo limemsukuma, na mimi nimekaa nalo jirani kiti kwa kiti na sijauliza, nina jibu na sina hata swali moja, asiyeuliza hanalo ajifunzalo… na kumbe na mimi, astaghafirullah, tuseme ukweli, Ijumaa iliyopita niliposimama safuni msikitini si nilitazama pembeni nikamwona hapo, akilini, na kofia kichwani, amebananisha lile bega lake na langu? Si nimetamani siku ile kubwa ya Kiyama tuwe upande mmoja? Nimetamani sana. Na sikumwambia, nikasema nitamwudhi, hatarudi. Basi mimi na yeye tofauti yetu ni semina tu, yeye alifundishwa kunyamaza na mimi nilinyamaza bila kufundishwa, na kama mimi namtaka peponi kwa sababu nampenda, basi huenda na yeye… nimeondoa mguu kwenye pedali, na imenitoka kabla sijaipima, "Ndugu yangu, sema tu, mimi nitakataa, halafu kesho uje nyumbani tule." Amenitazama. Masikio yamekuwa mekundu, nimedhani hakunielewa, au nimemwumiza, nimetaka kuyarudisha maneno, ndipo aliposema upesi, bila kutafuta, "Kesho saa ngapi?" Moyo wangu umeruka, mzee mzima. "Baada ya swala ya adhuhuri," nimemjibu, "haya, sasa lile jambo," naye ameshusha pumzi, amekunja uso, ameanza upya, "Baba Sabiha, nataka kukuambia…" na neno limemkimbia tena, na lile jibu langu nililolipiga pasi silioni tena, nimemkazia macho mdomoni, lije tu, nataka kulisikia.