Ukucha wa Fundi Viatu

Baba yangu ni fundi viatu, na sijawahi kumwona akitembea na kiatu kinachombana. Mwaka mzima yeye na kandambili zake pana alizojishonea mwenyewe. Ndiyo maana alipoanza kuchechemea, hakuna aliyefikiria viatu.

"Nimejikwaa," alisema.

"Wapi?" Mama akauliza.

"Nimejikwaa tu. Mtu hana ruhusa ya kujikwaa nyumbani kwake?"

Siku ya tano nikamfuma nyuma ya kibanda chake cha kazi, mguu juu ya kigoda, kisu cha kukatia ngozi mkononi, anachimba pembe ya ukucha wa kidole gumba. Kidole kimevimba, chekundu, kinang'aa kama nyanya. Binti yangu wa miaka minne, ambaye mtaa mzima unamwita Kasuku kwa sababu hakuna neno linalolala ndani yake, alikuwa amechuchumaa pembeni akimpulizia.

"Baba! Kwa kisu cha ngozi?"

"Nimekinoa," akajibu, kana kwamba hilo ndilo nililouliza.

Nilitaka kucheka, ila roho haikutulia. Mahafali yetu ya shule ya jioni yalikuwa yamebakiza siku kumi na mbili, na pale shuleni anayehitimu hatembei peke yake. Anavuka uwanja mzima wa changarawe, toka langoni hadi jukwaani, ameshikana mkono na mtu aliyemwezesha kusoma. Mimi niliandika jina la Baba siku ileile niliyojiandikisha, kabla hata sijajua kama nitafika mwisho. Kwa miaka mitatu, kila saa kumi na moja jioni, nilimwachia Baba mwanangu pale kibandani na kukimbilia darasani. Kasuku alijifunza kusimama kwa kushika miguu ya wateja.

"Nikishindwa, utatembea na mama yako," Baba alisema.

"Mimi simo," Mama akadakia kutoka jikoni. "Sikubembeleza mtoto huku nina misumari mdomoni. Mguu wako, uwanja wako."

Siku mbili nilimlowekea mguu kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, asubuhi na jioni. Alipenda sana, akaanza kuagiza na chai. Lakini siku ya tatu usaha ukachungulia pembeni mwa ukucha, nikamwambia: Baba, hapa beseni limefika mwisho. Twende zahanati.

Nesi alikuwa mama mfupi mwenye miwani mikubwa. Kwanza alimpima sukari kwenye damu, maana kidonda cha mguuni kwa mwenye kisukari si cha kuchezea. Ikawa sawa. Akakishika kile kidole taratibu.

"Mzee, ukucha umeota kuingia ndani ya nyama. Kucha zako unazikataje?"

"Nazizungushia pembe, kama soli."

"Ndiyo hapo. Ukichonga pembe, ukucha ukirudi kukua unaichoma nyama ya pembeni. Kata kwa kunyoosha, moja kwa moja, na usiukate mfupi sana. Sasa la pili: viatu vya kubana."

Baba akainua kandambili yake kama mtu anayeonyesha kombe. "Hapo, sista, umenikosa."

"Babu," akasema Kasuku, aliyekuwa mapajani mwangu, "na vile vya bibi harusi?"

Baba akawa anasoma bango la chanjo ukutani.

"Vya nani, mama?" nesi akauliza kwa upole.

"Vya bibi harusi. Na vya yule baba wa benki. Babu anavivaa akikaa kushona. Anasema anavifundisha adabu."

Siri ikamwagika yote. Kumbe sifa yake, ile ya kwamba viatu vikipita kwake vinaingia mguuni kama soksi, ilitoka hapo. Mteja akileta kiatu kipya kinachobana, Baba anakilowesha, anakivaa, na kushinda nacho mchana kutwa chini ya meza pasipoonekana. Vya kike vilivyochongoka mbele alichomeka vidole tu.

"Si kuna miguu ya mbao ya kupanulia viatu?" nikamuuliza.

"Mbao itajuaje panapouma?" akanijibu, na alimaanisha.

Nesi alicheka mpaka akavua miwani. "Mzee wangu, umevaa maumivu ya watu!"

Akamchoma sindano ya ganzi, akakata kipande cha ukucha cha pembeni, chembamba kama uzi wa kushonea. Baba hakusikia kitu. Aliuliza tu mkasi ule umenolewa na nani. Tukarudi na dawa, bandeji na masharti: kuosha kidonda kila siku, kukiweka kikavu, kuinua mguu akikaa, na asivae tena viatu vya watu. Alikubali sharti la mwisho huku akiangalia pembeni. Ila jioni ile nilimkuta anachonga mguu wa mbao, na pale penye kidole gumba ameacha kinundu.

"Huu sasa unajua panapouma," akasema.

Siku ya mahafali alitoka chumbani na viatu vyeusi alivyovishona kwa miezi mitatu. Nikaviangalia: vilikuwa vimebana mbele! Kisha nikakiona cha kulia. Alikuwa amekikata dirisha, akalipinda na kulishona ukingoni kwa uzi mweupe, na kidole chenye bandeji safi kimejitokeza kama mgeni rasmi.

Tukaitwa. Tukaanza kuvuka changarawe, mkono wake mgumu ndani ya wangu, na alikuwa anatembea! Hachechemei hata kidogo. Katikati ya uwanja akasimama ghafla.

"Baba, kinauma?"

"Mimi? Hapana. Wewe ndiye unayechechemea."

Nikaangalia chini. Viatu vyangu vipya vilikuwa vimeninyonga tangu asubuhi.

"Vinakubana muda wote huu? Mbona hukuniletea?"

"Nilivificha, Baba. Niliogopa utavivaa."

Alicheka, kicheko kile cha kutikisa mabega, mbele ya walimu na wageni wote. Akainama, akanivua kimoja, halafu cha pili, akavining'iniza kwenye vidole vyake.

"Haya, twende. Hivi ni vya mguu wa mbao."

Nikapokea cheti changu miguu mitupu, baba yangu kando yangu ameshika viatu vyangu, na kutoka safu ya mbele sauti ndogo ikawatangazia watu wote: "Yule ni mama yangu! Na kile ni kidole cha babu!"