Gololi Moja, Saizi Mbili

Gololi ni moja, lakini kwenye kompyuta zilikuwa mbili, na moja imenenepa.

Bi Rula alifuta kioo kwa kiganja, labda ni uchafu. Wapi. Gololi ya bluu kubwa, ya njano ndogo, na zote zimebandikwa kwenye goti lile lile la mgonjwa yule yule.

Kazi yao pale hospitali ni hiyo: mashine moja inapiga picha za mifupa, nyingine za nyama, halafu programu yao inaunganisha picha ziwe goti moja unaloweza kulizungusha. Kabla ya kupiga, nesi anabandika kigololi cha plastiki cha milimita kumi, kionekane kote kuwili. Sasa mbona hiki cha njano kina saba?

Akafungua programu, akashuka mstari kwa mstari, akakuta. Mashine ya mifupa inahesabu milimita, ile nyingine, ya njano, inahesabu nukta za picha yake. Mtu kaona kupiga hesabu ni kazi, kazidisha kwa sifuri nukta saba mpaka picha ikapendeza. Kwa hiyo uvimbe wa gotini anaokuja kukatwa mgonjwa nao umepungua. Kwenye picha, kati yake na mshipa mkubwa wa damu panapita kidole. Ukiurudisha saizi yake, unaugusa mshipa kabisa. Na daktari wa upasuaji anaingia saa nane. Hii ilikuwa saa saba na nusu.

"Shemeji, njoo uone."

Mume wa dada yake ndiye mkuu wa chumba kile, na ndiye aliyembandika jina la Bi Rula, kumkejeli.

"Hapa kazini hakuna shemeji," alisema bila kuinua kichwa. "Na hiyo picha nimeshaipitisha."

"Imekosewa."

"Wewe hata chapati ungeipima kwanza ndiyo ule."

Daktari akaingia, glavu mfukoni. "Picha yangu iko wapi?"

"Usiitumie," alisema Bi Rula.

Shemeji akainuka taratibu, akabonyeza kitufe kinachoonyesha kila mstari uliandikwa na nani. Pembeni ya ile saba likatokea jina la Bi Rula. "Dokta, saba ni yake mwenyewe. Sasa dakika za mwisho anataka kuichezea tena. Tuamini lipi?"

Daktari akamgeukia. Macho yale, ungedhani kakuta nzi kwenye kidonda.

Bi Rula alitazama tarehe kando ya jina lake. Ya kumi na mbili. Akatoa simu, akapiga, akaweka spika.

"Dada, tarehe kumi na mbili nilikuwa wapi?"

"Si kwangu hapa, siku ya pili baada ya kujifungua. Ulimwogesha mtoto ukalowa mpaka kichwani. Shemeji yako si alinipigia akaniambia nikuombe neno la siri la kompyuta yako, nikamtajia? Kwani vipi?"

Daktari akamgeukia shemeji.

"Mdogo wangu, umeniweka spika?"

Bi Rula alitoa gololi kwenye droo ya juu, akaiweka mezani na rula pembeni. Daktari akapima mwenyewe: kumi. Akapima zile za kwenye kioo: bluu kumi, njano saba.

"Irekebishe," alisema. "Mgonjwa haingii leo. Namtafuta daktari wa mishipa kwanza." Akamtazama shemeji. "Na wewe usinisogelee na picha yoyote."

Mlango ukafungwa. Simu ilikuwa imeshakatwa upande wa pili.

"Nyumbani kwangu usikanyage," alisema shemeji.

"Hapa kazini hakuna nyumbani," alisema Bi Rula, akafuta ile saba.