Kilima Kilichokwisha

Asubuhi ya Alhamisi Waine alitoka nyumbani na ufunguo mkononi na kiazi kitamu mdomoni, akakuta kilima kimekwisha. Pikapu ya ukoo ilikuwa pale pale alipoiegesha jana, ila sasa magurudumu yake yalikuwa usawa mmoja na uwanja wa kanisa. Alimeza kiazi, akaenda kuwaita wenzake.

Hakuna aliyeshangaa. Kwa miaka kumi na mmoja pikapu hiyo kuukuu ya dizeli ilikataa kuwaka asubuhi, na kwa miaka kumi na mmoja waliiegesha juu ya kilima. Kulipokucha waliiacha iserereke, Waine akaachia klachi, nayo ikashtuka na kuwaka. Kila asubuhi ililamba kilima kiasi cha unene wa ukucha. Kitu kinachotumiwa huisha.

Shida ilikuwa siku yenyewe. Nguruwe kumi na mmoja walikuwa wameshafungwa miguu, na walitakiwa kufika, kama fidia ya amani, ng'ambo ya mto Wahgi, kwa watu ambao ukoo ulipigana nao mwaka uliopita. Jua likipita utosini kabla hawajafika, ingekuwa dharau, na amani isingefungwa. Wanaume waliisukuma pikapu kwenye tambarare mpaka wakaishiwa pumzi. Wakamwagia injini maji ya moto. Haikuwaka.

Klara, binti wa kaka yake Waine, alisimama kando ya mibuni na boksi la spana alilorudi nalo kutoka chuo cha ufundi cha Goroka. Miaka miwili lilikuwa limekaa chini ya kitanda chake. Pikapu ilikuwa mali ya wanaume, na mwanamke hasimami juu ya mali ya wanaume. Na kilimani, popote anaposimama mtu, yuko juu ya kitu fulani. Klara hakuwa msemaji. Aliitazama ardhi, akasogea.

"Baba mdogo," alisema kwa sauti ndogo, "leo hapa hakuna juu wala chini."

Waine akatazama huku na huku. Ilikuwa kweli.

Shangazi Moro alikuwa amemkalia nguruwe mmoja asifurukute. "Mwacheni binti," alisema. "Mmemaliza kilima kizima na gari halijapona. Sasa mnataka kuanza ule mlima wa nyuma?"

Wanaume wakapisha.

Klara alimwomba Waine ageuze ufunguo, mwenyewe akachuchumaa nyuma, kwenye ekzosi. Starta ilizungusha injini kwa nguvu. Betri ilikuwa nzima, maana miaka yote kilima kiliibebea kazi. Ekzosi haikutoa hata uzi wa moshi. Moshi mweupe ungemwambia kuwa dizeli inafika lakini haishiki moto. Kukosekana kwa moshi kulimwambia kuwa haifiki.

Alifungua boneti. Pampu ya mkono juu ya filta ilibonyea bila ubishi, laini kama shavu la mtoto. Alilegeza skrubu ya kutolea upepo, akapampu, likatoka povu, na povu tena. Akaufuata mpira wa mafuta kwa kidole, taratibu, akalala chini ya gari bila kumwomba mtu ruhusa, mpaka karibu na tangi, ambapo aligusa ufa mdogo kwenye kibano. Haukuvujisha hata tone, ila ulivuta upepo. Kila usiku dizeli yote ilirudi tangini, na kila asubuhi kilima kilifanya kazi ya kuivuta tena.

"Kilima chote kile," alisema Waine, "kwa ufa huu?"

"Huo huo, baba mdogo."

Alikata ncha mbovu, akachomeka ile nzima, akakaza kibano, akapampu mpaka pampu ikajaa na kukisukuma kiganja chake. "Washa."

Iliwaka kabla Waine hajaumaliza mzunguko wa ufunguo. Nguruwe walinyamaza wakasikiliza. Klara alifuta mikono kwa majani ya mbuni, akaendelea kuifuta hata ilipokuwa safi.

Walifika jua likiwa bado upande wa asubuhi, na amani ikafungwa. Kwenye hotuba Waine alisema gari lilitengenezwa na ukoo. Klara alikuwa nyuma ya pikapu, ameketi pale walipokuwa wamelazwa nguruwe, miguu yake bado inakumbuka mtetemo wa injini.

Jumamosi kilima kilikuwa kimeota hadi kwenye goti. Kufikia Pasaka kilikuwa kimerudi chote. Hakikuwa na kazi tena, lakini wanaume waliiegesha pikapu juu yake kwa mazoea, na Klara akaombwa kwa upole asimame chini. Boksi lilirudi chini ya kitanda.

Kila asubuhi, akichuma kahawa, husikia ufunguo ukigeuzwa mara moja tu. Hakujawahi kuwa na mara ya pili. Huinua kichwa, huusikiliza mlio wa injini mpaka upotee barabarani, ndipo huinamia tena kikapu chake.

"Yangu hiyo," huuambia mbuni.