Mikroni Nne za Asubuhi

Shafti ya kumi na moja nayo ilikuwa imezidi. Nives aliinua mkono wa kipimo, akaizungusha shafti kidogo kwenye kitako chake, akaushusha mkono tena taratibu. Mikroni nne. Akaizungusha upande wa pili. Nne na ushee.

Hakuwa amekosea kupima. Shafti zilikuwa zimelala saa nzima juu ya meza ya jiwe mpaka zikaingia ubaridi wa chumba, na yeye alikuwa amevaa glavu zake za pamba, maana chuma kikishikwa kwa mikono mitupu hupata joto, na kikipata joto huvimba. Mikroni ni milimita iliyokatwa mara elfu. Jicho haliioni wala kucha haiihisi. Lakini shafti hizi zilikuwa zinakwenda kwenye mashine za kufungia peremende, na beringi zilizokuwa zinazingoja zilikubali kuzidi kwa mikroni tatu, basi.

Akaandika nne kwenye karatasi, akachukua ya kumi na mbili.

Trei ilikuwa na shafti thelathini na nane, kazi ya tangu saa mbili. Hii ilikuwa asubuhi ya tatu wiki hiyo. Zilizosagwa baada ya chakula cha mchana zilikuja sawa; za asubuhi zilikuja nene, zote kwa kiasi kilekile, kana kwamba kuna mtu amezipangia.

Aliyezisaga alikuwa mumewe.

Loris na Nives walikuwa na miaka thelathini na moja katika karakana ile ya Crespellano, nje ya Bologna, mume kwenye mashine ya kusagia vyuma, mkewe kwenye chumba cha vipimo. Wenzao walikuwa na utani wao wa siku zote, kwamba Loris nyumbani anakatazwa sigara na kazini anakataliwa shafti. Wao wenyewe walikuwa na desturi moja waliyoiweka mwaka wa kwanza wa ndoa na hawakuwahi kuivunja: namba haipindwi, na ikishaandikwa haifuatwi hadi nyumbani. Zamani, baada ya siku mbaya, walipanda gari moja wakarudi kimya hadi kwenye mzunguko wa barabara wa Bazzano, na hapo mmoja akauliza kuna nini cha kupika, mambo yakaisha.

Safari hii Nives alikuwa ameivunja nusu ya pili ya desturi hiyo peke yake, kichwani, usiku wa jana na wa juzi.

Alikuwa mtu wa kufuta kimoja baada ya kingine. Kwanza alidhani ni maji ya kupozea, kwa kuwa ilikuwa Novemba na ukungu ulikuwa unaingia karakana hadi mlangoni. Akayapima joto siku mbili. Hayakuwa na neno. Akashuku geji yenyewe. Geji ile ya kielektroniki ilikuwa na vidole viwili vigumu vilivyoikumbatia shafti juu na chini wakati jiwe linaisaga, ikasoma unene unavyopungua, na ulipofika sifuri ikaliamuru jiwe lirudi nyuma. Pengine vidole vimelika. Akavitazama kwa lenzi, havikuwa vimelika. Kilichobaki ni kigezo, kile kipande cha chuma chenye unene kamili ambacho msagaji hukipachika kati ya ncha za mashine asubuhi na mchana, geji ikikumbatie, kisha abonyeze kitufe kuiambia kwamba hapa ndipo sifuri. Jana jioni Nives alikuwa ameomba kigezo, akakilaza juu ya meza ya jiwe, akakipima mara kumi. Kilikuwa sawa kama siku kilipotengenezwa.

Loris mwenyewe alisema geji imezeeka. Alikuwa amemwambia hivyo Morena, binti wa marehemu Tarozzi na mwenye karakana sasa, na Morena alikuwa amempigia simu fundi aje kesho aing'oe aende nayo. Jambo hilo ndilo lililomsumbua Nives kuliko mikroni. Loris hakuwahi kuisingizia mashine kabla hajaifungua akaitazama.

Saa sita na nusu wakala kwenye chumba cha chakula. Nives alikuwa na maharage na tambi kwenye chombo chake. Loris alikuwa na mkate wenye vipande vya soseji ya mortadella, ameukamata kwa mikono miwili, viwiko mezani. Tangu majira ya kuchipua hakuwa anataka kitu cha kijiko. Alisema supu zinamlaza. Kabla hata watu hawajanywa kahawa alikuwa ameshasimama.

Oriano wa mashine ya kukereza akamuuliza kama anadhani jiwe litamkimbia.

Loris alimjibu kwamba jiwe limemzoea, ila Oriano ndiye anayelichosha kwa maneno, akatoka.

Nives alimtazama akienda. Tangu lini alianza kutoka mapema? Alikuwa amedhani ni bidii ya mtu anayekaribia kustaafu. Akafunika chombo chake na chakula kikiwa nusu, akatoka kwa mlango wa nyuma, akapita kando ya tangi la maji ya kupozea na kusimama pale. Hakujificha kabisa. Alisimama tu mahali ambapo mtu anayeitazama mashine hawezi kumwona.

Loris alikuwa amekitoa kigezo kwenye sanduku lake la mbao. Alikipeleka kati ya ncha mbili, na mkono ukaruka. Ulikuwa mruko mdogo, kama mtu aliyeguswa bega ghafla. Akaurudisha, ukaruka tena, na chuma kikagonga chuma kwa sauti nyembamba. Akavuta pumzi. Akakiegemeza kigezo kifuani, akakifumbata kwa viganja vyote viwili, akakaa hivyo, kichwa chini, kama anayengoja kikohozi kipite. Alipojaribu tena alikuwa ameubana mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, na kiwiko amekikita kwenye mashine. Haikuwezekana. Akakifumbata tena. Saa ya ukutani ilionyesha dakika saba zimepita kabla ncha hazijakipokea kigezo. Kazi hiyo zamani aliifanya huku anasimulia mechi ya Bologna, bila kutazama.

Kisha geji ikakikumbatia kigezo kikiwa bado na joto la viganja vyake, na Loris akabonyeza kitufe.

Nives akapata jibu lake. Mchana karakana ilikuwa imepata joto, kwa hiyo kigezo kilivimba kidogo tu. Asubuhi chuma kilikuwa cha baridi kama barafu na vidole vimekakamaa, basi alikifumbata zaidi, kikavimba zaidi, na geji ikauamini uvimbe ule asubuhi nzima hadi mchana. Mikroni nne. Hesabu ilikuwa safi kabisa, hakuna kilichobaki nje. Alitamani kiwepo.

Akakumbuka tortellini, zile tambi ndogo za kukunjwa zenye nyama ndani. Tangu Pasaka Loris alikuwa amekataa kukaa naye mezani Jumapili kukunja tortellini, kazi waliyoifanya pamoja tangu uchumba. Alisema imemchosha. Nives alikuwa ameumia na hakusema, akazikunja peke yake miezi saba huku yeye akisoma gazeti chumba cha pili, gazeti limelazwa mezani.

Loris aligeuka kuchukua shafti akamwona.

"Umesimama hapo muda gani?"

"Tangu ulipokitoa sandukuni."

Akaitia mikono mifukoni, yote miwili. "Basi umeona."

"Nimeona. Daktari anajua?"

Alijua. Loris alikuwa amekwenda kwa daktari huko Modena, peke yake, siku ile ya Mei aliyoaga kwamba anakwenda na binamu yake kutazama pikipiki. Modena kwa sababu Bologna wangemwona watu. Alirudi na karatasi, akaificha gereji, ndani ya kopo la misumari. Ugonjwa ulikuwa uleule wa kutetemeka aliokuwa nao baba yake.

Hayo aliyaeleza kwa sauti ya chini, akiitazama geji. Nives alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamuuliza kitu kimoja tu, kwa nini hakumwambia.

"Wewe ndiye uliyemlisha baba kwa kijiko," Loris akasema. "Miaka sita. Nilikuwa nakuona unavyotazama saa ukidhani hakuna anayekuona. Sikutaka uanze kuhesabu upya kabla ya wakati wake."

"Nilikuwa nachoka, Loris. Kuchoka si kuhesabu."

"Najua. Nimekosea. Lakini ndivyo nilivyofikiri."

Nives angeweza kumlaumu, na alikuwa na haki. Miezi saba alikuwa amelala kando ya mtu anayejibana mikono chini ya mapaja ili kitanda kisitikisike, na yeye akadhani hatakiwi tena. Alijaribu kuikasirikia miezi ile, akaona hasira haina pa kushika.

Loris akamwomba. Hakuwa mtu wa kuomba, na maneno yalimtoka vibaya. Fundi aje aichukue geji. Ikienda, itakaa wiki mbili, mashine itasimama, yeye atafagia, atapaka grisi, hakuna atakayemtazama mikono. "Nipe hizo wiki mbili, bibi yangu. Andika ni geji. Nikishaitoka hii mashine sina pengine pa kusimama."

"Namba nitaandika kama nilivyozipima. Sababu sitaandika. Hiyo sababu siyo yangu."

"Kwa hiyo unaniachia mimi."

"Ndiyo."

Wenzao walikuwa wanarudi. Oriano alipita na kikombe chake, akawaona wamesimama karibu namna ile, akasema, "Shemeji, mahaba baada ya saa za kazi. Sisi wengine tutalia wivu hapa." Loris akacheka, mikono ikiwa mifukoni, akamwambia akalie kwenye mashine yake.

Nives alirudi kwenye chumba cha vipimo. Alizimaliza shafti zilizobaki, na zote zilikuwa nne, isipokuwa mbili zilizosoma nne na nusu. Ya mwisho aliipima mara tano kwa sababu hakuweza kuiona namba vizuri. Glavu ya kulia ilikuwa imelowa kwa kufutia uso. Akaivua, akavaa nyingine kavu, kwa kuwa glavu yenye unyevu hukipa chuma kutu.

Saa tisa Morena aliingia kuchukua karatasi. Akaisoma, akatikisa kichwa, akasema afadhali fundi anakuja. Ile sehemu ya sababu ilikuwa wazi. Akauliza aandike geji?

Nives aliisogeza kalamu kando.

Mlango ulisukumwa kwa bega. Loris alisimama pale na kigezo kimeviringishwa kitambaani, amekikumbatia kwa mkono mmoja.

"Mwambie fundi asije," akamwambia Morena. "Geji haina kosa."

Aliweka kigezo juu ya meza. Kisha akautoa mkono wa kulia mfukoni, akaulaza kando yake juu ya jiwe, akauachia. Vidole vikaanza kugonga. Chumba kile kilikuwa kimya kuliko vyote katika karakana, kilijengwa kiwe hivyo, na kucha zake zikasikika juu ya jiwe, haraka haraka, bila mpango.

Morena aliutazama mkono ule. Alikuwa na miaka kumi na tisa baba yake alipomweka kando ya Loris ajifunze kusoma geji, na mpaka leo alikuwa anamwita mzee wangu, hata mbele ya wateja. Alimuuliza kama inauma. Loris akasema haiumi. Akamuuliza kama anakunywa dawa. Akasema ameanza wiki iliyopita, kwa siri, na bado hazijasaidia sana.

"Hizi thelathini na nane lazima zirudiwe, mzee wangu," Morena akasema hatimaye. "Ni nene, zinasagika. Zisage wewe. Zikiisha..." Akaikunja karatasi mara mbili, akaikunjua. "Zikiisha tukae tuzungumze. Siwezi kukuacha karibu na jiwe linalozunguka. Unanielewa?"

"Nakuelewa. Ningesema vivyo hivyo."

Morena alitoka haraka, na ile sehemu ya sababu ikabaki wazi vilevile. Loris ndiye aliyeichukua kalamu. Ilimchukua muda. Aliandika maneno mawili, kigezo moto, kwa herufi zilizokwenda huku na huku kama za mtoto, kisha jina lake.

Saa kumi na nusu, Nives alimfuata kwenye mashine ampachikie kigezo. Kwa miaka yote hiyo alikuwa amepima kila kilichotoka pale na hakuwahi kuigusa. Loris alisimama nyuma yake na kumwelekeza. Asiubane mkono. Aingize upande wa kushoto kwanza, aache ncha ya kulia ije yenyewe. Taratibu, alisema, chuma kitakaa, hakina pa kwenda. Alifundisha vizuri. Nives alikuwa amesahau kwamba sauti yake inaweza kuwa hivyo, na ilimlazimu kusimama kidogo, kigezo mkononi, mpaka macho yakauke.

Kilipokaa, geji ikakikumbatia. Namba ilisoma mbili. Ikashuka moja, ikapanda mbili, ikashuka.

"Ni joto lako," Loris akasema. "Glavu hazitoshi. Leo haitatulia."

"Tungoje?"

"Kiache palepale kilale na mashine. Kesho asubuhi vitakuwa baridi moja, utabonyeza wewe."

Kengele ya kutoka ikalia. Wenzao walizima mashine zao moja moja, Oriano akaaga kwa mzaha ambao hakuna aliyeusikia vizuri. Nives aliifunika trei ya shafti kwa karatasi ya mafuta, zote thelathini na nane, kila moja nene kama ilivyokuwa mchana.

Alipogeuka, Loris alikuwa amevaa koti lake. Zipu ilikuwa wazi. Miezi saba alikuwa ameifunga chooni, mlango umekomewa. Sasa alisimama katikati ya karakana, mikono nje ya mifuko, inatikisika mbele ya kila mtu aliyetaka kutazama, akamngoja.

Nives alivua glavu. Ilimbidi ajaribu mara mbili, kwa kuwa hakuwa anaona zipu inapoanzia. Akaipandisha hadi kidevuni, wakatoka kwenye ukungu kwenda kulitafuta gari.