Tiara na Uzi wa Mahema

Likizo ilikuwa inaisha, na mimi, raia mwema nisiye na kosa hata moja lililothibitishwa, nilikuwa sijasimama juu ya ubao.

Jambo hili lilikuwa zito kuliko linavyosikika. Kabla ya kufunga shule nilipanda juu ya sanduku langu bwenini na kutangaza kwamba nitakaporudi nitakuwa nimeteleza juu ya maji nikivutwa na tiara pana kuliko paa la bafu letu. Nilitangaza kwa sauti, mbele ya mashahidi wenye njaa ya kucheka. Shuleni kwetu mtu akishindwa kutimiza neno lake hupewa jina, na jina hilo humfuata mpaka kwenye cheti. Mimi tayari nilikuwa na moja, Kero, na sikuhitaji la pili.

Nafasi ya kujifunza ilitokana na cherehani ya mama. Mama ni fundi, lakini si wa magauni. Anashona mahema, maturubai ya malori na vifuniko vya mashua, na cherehani yake ikianza kunguruma majirani huzima redio kwa kukata tamaa. Kocha wa shule ya tiara iliyoko ufukweni humletea tiara zilizochanika. Safari hii walikubaliana kwamba mama ashone na mimi nifundishwe, kwa sharti moja: kwa kuwa umri wangu haujatimia, mzazi awepo. Basi mama alikuwa anakuja kila siku na kiti chake cha kukunja na kazi ya mkono, anakaa mchangani, anashona, na kunitazama kama askari wa mpakani anayetazama begi lenye harufu.

Siku ya kwanza Kocha alituingiza ghalani kuchagua vifaa. Macho yangu yalikwenda moja kwa moja kwenye tiara nyeusi iliyokuwa imelala juu kabisa ya rafu, kubwa, yenye kiburi.

"Naomba ile," nikasema.

"Ile ni ya mtu mzito mara mbili yako, tena siku ya upepo mwembamba," Kocha akajibu. "Ukiipandisha wewe leo, kesho tutakutangaza redioni."

Akanipima kwa macho, akatazama bendera ya nje inavyopepea, akashusha kitu kidogo cha rangi ya machungwa ambacho ningeaibika kukianika kwenye kamba ya nguo. Kisha akanipa ubao. Mrefu, mpana, mzito.

"Kocha, huu ni mlango. Kitasa chake kiko wapi?"

"Mlango unaelea. Ule mwembamba unaoukodolea macho utazama na wewe, kwa sababu hujui kusimama."

"Mpe mlango, mwalimu," mama akasema. "Ameshazoea kuegemea milango akisikiliza mambo ya watu."

Yakafuata helmeti, jaketi la kuelea, na mkanda mpana wa kiunoni wenye ndoano ya chuma mbele. Kwenye ndoano hiyo hunasa kitanzi cha usukani, yaani ile fimbo unayoishika, na kutoka kwenye usukani kamba kadhaa huenda juu kwenye tiara. Kwa hiyo tiara haivuti mikono yako, inakuvuta wewe mzima. Ndiyo maana juu ya kitanzi kuna kifyatuo chekundu. Mambo yakiharibika unakisukuma mbali na tumbo, kinalia tak!, kitanzi kinafunguka, na tiara inaanguka majini kama shuka lililolowa, ikiwa imebaki kwenye kamba moja tu ya usalama, haina tena nguvu ya kukuvuta.

"Nunua kila kitu kwa bei nafuu ukitaka," Kocha alipenda kusema, "lakini kifyatuo kisichofyatuka usikichukue hata cha bure."

Halafu, badala ya kuingia majini, tukaanza kusubiri. Tulisubiri upepo usiotoka nchi kavu, kwa sababu huo humpeleka mwanafunzi kusikorudika. Tulirusha tiara ya mazoezi mchangani, kushoto, kulia, kushoto, mpaka shingo ikasahau kazi zake nyingine. Nikaburutwa kwa tumbo kwenye maji ya kiunoni bila ubao, eti nijifunze kurudi ufukweni. Mlango wangu ulikuwa unaota jua tu. Nilikuwa siwezi kukaa. Nilipiga mguu chini, nikang'ata kucha, nikamuuliza Kocha swali moja kwa sauti tofauti tofauti. Usiku miguu ilikuwa inatembea kitandani bila mimi.

Kilichonichosha kuliko vyote ni ukaguzi. Kila mara kabla ya kuingia majini, hata kama ulitoka dakika ile ile, Kocha alitaka uguse helmeti, jaketi, ndoano na kamba ya usalama, kisha ufyatue kifyatuo kweli kweli na kukifunga upya. Kukifunga upya mchanga ukiwa umeingia ni kazi ya kumkufurisha mchungaji. Kocha hakuwa na macho ya kutosha kwa wanafunzi wote, kwa hiyo alikuwa anatega sikio. Akisikia tak, anainua kidole gumba bila kugeuka.

Sasa, mimi ni msanii. Bwenini nilijifunza kugonga ulimi dhidi ya kaakaa nikatoa mlio wa kufuli la sanduku likifunguka, na wenye biskuti waliruka vitandani kwa hofu. Kipaji hicho kisingepotea bure. Niligusa helmeti kwa unyenyekevu, nikagusa jaketi kama anayeapa mahakamani, nikapeleka mkono kwenye kifyatuo, nikapiga ulimi. Tak! Kidole gumba cha Kocha kikainuka. Tangu siku hiyo sikukifyatua tena.

Katikati ya mambo hayo, mwanafunzi mwenzetu, mhasibu mmoja mpole mwenye tumbo la heshima, alizidiwa na upepo akafanya kama alivyofundishwa. Akasukuma kifyatuo, tiara ikalala. Kocha akampigia makofi. Mama, aliyekuwa mbali kwenye kiti chake, akasimama na sindano mkononi.

"Umeona? Kile kitu kimebanduka!" akaniambia. "Mtu mzima kama yule kashikiliwa na velkro kama ya viatu vya watoto!"

"Ndivyo kilivyo, mama," nikasema, huku macho yangu yakiwa kwenye ubao wa mtu mwingine aliyekuwa anateleza. Hayo ndiyo maelezo yote niliyompa.

Jioni ile Kocha alileta begi la tiara yangu karakanani kwa mama, kwa sababu ukingo ulikuwa umeachia mshono. Usukani ulikuwa humo humo. Mama akashona ukingo, kisha nikamwona ameinamia kitu kidogo, akivuta ule uzi mnene wa mahema uliopakwa nta, ambao huukati kwa meno hata ukiwa mbwa.

"Nimekukazia," akasema.

"Asante, mama." Sikuuliza nini. Nilikuwa nasikiliza miti ya nje ikiinama, na kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya ubao.

Kulipokucha upepo ulikuwa mzuri, labda na ukali kidogo. Kocha akasema niingie kwanza bila ubao, nipashe mwili moto, halafu atauleta mwenyewe. Nikagusa, nikaapa, nikapiga ulimi. Kidole gumba. Nikaingia.

Maji yalikuwa ya kiunoni. Tiara ikapanda vizuri. Kisha upepo ukapiga kofi moja, na mimi nikafanya kile ambacho kila anayeanza huonywa asifanye: nikauvuta usukani kwangu kama mtoto anayeng'ang'ania mkono wa mamake sokoni. Ukivuta usukani unaiongezea tiara nguvu. Nikanyanyuka, nikaanguka kwa uso. Nikauachia, lakini kamba moja ilikuwa imejifunga kwenye ncha ya usukani, na tiara ikaanza kujizungusha, na kila mzunguko ulinichota na kunitupa mbele. Kule mbele kulikuwa na nguzo za gati, zimejaa kome wenye ncha.

"Fyatua!" Kocha akapiga kelele. "Kero, fyatua!"

Nikasukuma. Hakuna. Nikasukuma kwa mikono miwili. Kitambaa chekundu cha kifyatuo kilikuwa kigumu kama buti. Nilipopata nafasi ya kutazama chini kati ya mawimbi mawili niliona mishono, midogo, iliyopangana, mizuri ajabu, na nikaijua ni ya nani.

Nilikunywa maji mengi ambayo sikuyaomba. Nguzo zilikuwa zinakuja na mimi sikuwa na utani wowote wa kuziambia. Kisha kitu kikanikamata mgongoni, ni Kocha ameshika mkanda, na kingine kikanikamata mguu, ni mama, na nguo zake zote na viatu vyake, akinivuta kama turubai linalotaka kupeperuka. Kocha akaidaka kamba moja, moja tu, akaivuta mkono baada ya mkono mpaka tiara ikapinduka na kulala.

Tukakaa mchangani tukihema. Goti langu lilikuwa linatoka damu. Kocha akachukua kitanzi, akakigeuza, akakitazama muda mrefu.

"Nani amekishona?"

"Mimi, mwalimu," mama akasema haraka, bado hajaelewa. "Kilikuwa kinabanduka. Kile cha yule mhasibu nilikiona mwenyewe kikimwachia. Nikasema cha mwanangu hakitaachia, labda..." Akamtazama Kocha, akanitazama mimi, akatazama nguzo. "Kinatakiwa kuachia," akasema.

"Ndiyo, mama," nikasema.

Akaweka mikono yake miwili mapajani, viganja juu, kama ya mtu mwingine. Sijawahi kumwona mama akikaa bila kitu mikononi.

"Lakini mimi nilisikia," Kocha akasema polepole. "Leo asubuhi nilisikia kikilia. Kimeshonwa, na nilisikia." Akajishika kichwa. "Basi siwezi tena. Kama masikio yananidanganya hivi, nitaua mtoto wa mtu. Vifungeni vitu. Nafunga shule."

Nilikuwa na njia. Ningenyamaza, hitilafu ingekuwa ya uzi na ya sikio, mimi ningekuwa majeruhi, na majeruhi hubembelezwa, pengine hata hupewa ubao. Nilipiga hesabu hiyo yote, sikatai. Lakini mama alikuwa bado anatazama viganja vyake.

Nikapiga ulimi. Tak.

Wote wawili waligeuka. Nikapiga tena, ili pasiwe na mjadala.

"Siku ngapi?" Kocha akauliza.

"Zote. Karibu zote."

"Mtoto wewe!" mama akasema, na viganja vyake vikapata kazi, maana kimoja kilitua kisogoni kwangu, na kwa kweli kiliniponya.

Kocha hakupiga kelele. Afadhali angepiga. "Likizo hii huingii majini," akasema. "Ubao utausikia tu."

"Na mimi?" mama akauliza.

Tukamtazama. Maji yalikuwa yanamtiririka kwenye nywele.

"Mimi ndiye niliyeshona nisichokijua. Nivalishe, mwalimu, nikijue."

Ndivyo ilivyokuwa kwamba siku ya mwisho, sanduku langu likiwa limeshafungwa nyumbani, mama, naye akiwa ameshaburutwa kwa tumbo vya kutosha, alisimama mchangani na helmeti na mkanda, na mlango wangu ukiwa umelala miguuni pake. Kazi yangu niliyopewa ilikuwa kumkagua. Nyuzi alikuwa amezifumua mwenyewe, mshono kwa mshono. Nikasukuma kifyatuo. Kikalia chenyewe. Nikakifunga, mchanga umo, vidole vinauma. Sikuridhika nao mchanga ule. Nikakifyatua tena, nikakisuuza.

"Basi, mwanangu! Kimefunguka, tumesikia, kijiji kizima kimesikia!" Mama alikuwa anarukaruka kwa mguu mmoja, kisha kwa mwingine. "Upepo huo unapita!"

"Simama wima, mama."

"Nimesimama!"

"Huku si kusimama, ni kucheza. Naanza upya kwenye helmeti."

Akaachia msonyo mrefu ambao sikujua kama anao. Nami nikaanza upya kwenye helmeti, miguu yangu yenyewe ikichimba mchanga.