Marufuku Kusukuma kwa Nguvu

Tangazo lile niliandika mwenyewe, kwa kalamu nyekundu: MARUFUKU KUSUKUMA KWA NGUVU. Nikalibandika juu ya mashine ya kahawa katika ofisi ya barabara hapa Duluth, mahali ambapo hata asiyependa kusoma atalisoma. Ofisini waandishi wa programu tuko wawili tu, mimi Verna Haapala na Noreen Skalicky, kwa hiyo kila mtu alijua nani anaambiwa. Noreen alilisoma, akakoroga kahawa yake, akasema, "Haya, mwalimu mkuu."

Kusukuma kwa nguvu ni hivi. Kazi yetu hukaa kwenye seva iliyo ndani ya stoo ya mafagio, na programu iitwayo Git hutunza kumbukumbu ya kila badiliko: nani kabadili, lini, na kwa nini. Ukipeleka kazi yako ikagongana na ya mwenzako, Git inakataa. Mwenye adabu huichukua kwanza kazi ya mwenzake akaiunganisha na yake. Asiye na adabu huongeza neno moja la kulazimisha, na kazi yake inaikalia ya mwenzake kana kwamba huyo mwenzake hakuwahi kuzaliwa.

Basi Ijumaa moja ya mwezi wa kumi, saa mbili na nusu asubuhi, mimi mwenye tangazo nikasukuma kwa nguvu. Nilidhani nipo upande wa kazi zangu, kumbe nipo upande wa Noreen, tena na nakala ya mwezi wa nane. Wiki sita za kazi yake, njia zote mpya za magari ya kuondoa theluji, zikatoweka kabla sijameza kahawa. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Siku ile ulinichoma mimi, na nilistahili.

Nakala nyingine ilikuwa kwenye kompyuta ya Noreen, na kompyuta ya Noreen ilikuwa chini ya ziwa. Sitanii. Alikuwa likizo kwenye nyumba yao ya ziwani, na Jumatano, akiwa kwenye gati, aliinua mkono kumpungia jirani, kompyuta ikamponyoka. Alinitumia ujumbe wa kujicheka: "Bahati kila kitu kipo kwenye seva." Asubuhi ile niliusoma ujumbe huo mara tano.

Bosi wetu, Delbert Kvam, akaingia na donati mkononi. "Theluji wanasema Alhamisi. Njia za Noreen tayari?"

Nikamwambia ukweli wote. Aliiweka donati mezani polepole.

"Verna. Wewe?"

"Mimi."

"Mwenye tangazo?"

"Delbert, nimeshakwambia ni mimi."

"Basi maji yakimwagika hayazoleki," akasema. "Tutarudia njia za zamani. Na Noreen utamwambia mwenyewe Jumatatu, mimi simo."

Njia za zamani ndizo zilizowafungia watu wa mlimani majumbani hadi adhuhuri, mwaka jana wote. Noreen alikuwa ametumia wiki sita kupanga mpya kwa ajili yao. Nami ningemtazamaje? Sikuwa tayari kuambiwa hayazoleki na mtu mwenye sukari kwenye sharubu.

Nikakimbilia baraza kubwa la maswali mtandaoni, lile ambalo kila mwandishi wa programu hukimbilia. Dakika nne tu, swali langu likafungwa: limeshaulizwa. Jibu la swali la zamani lilisema nitazame kumbukumbu za kompyuta ya aliyefanya kazi. Nikaandika kwamba kompyuta ipo ziwani. Mmoja akajibu, "Basi kaulize baraza la wavuvi," na watu kumi na saba wakampa alama za sifa. Nilimtukana kwa Kifini, lugha ya bibi yangu, maana matusi yake yanajaza mdomo.

Nikahamia ukumbi wa gumzo, ambako kila mtu ana jina la kubuni. Anayejiita Mfalme wa Git alinijibu papo hapo. "Hilo rahisi, shangazi. Endesha usafi wa seva kwanza, uchafu wote utoke, halafu tutaona." Niliiandika amri yote. Kidole kilishafika kwenye kitufe. Kilichonizuia si akili, ni hasira: shangazi yake nani?

"Seva yenyewe unaijua?" nikamuuliza.

"Seva zote ni zilezile."

Hapo nikajua nimebisha mlango usio wangu. Kila aliyenijibu alikuwa akizungumzia Git ya kwenye kompyuta ya mtu, ambayo dunia nzima inaijua. Swali langu lilikuwa la seva ya kwenye stoo, yenye programu ndogo niliyoisimika miaka tisa iliyopita, na nilikuwa nikiwauliza watu ambao hawajawahi kuiona. Nikautoa mwongozo wake kwenye droo. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na mstari mmoja: maswali yaletwe kwenye orodha ya barua pepe. Ni mambo ya kizamani, ukiandika barua moja inawafikia wanachama wote, na hao wote walikuwa thelathini na wanane.

Nikaandika barua nzuri, yenye salamu. Baada ya dakika ikarudi: "Barua zenye mapambo hazipokelewi. Leta maneno matupu." Mapambo yapi tena? Nikatazama chini. Sahihi ya ofisi, kwa amri ya Delbert, ina picha ya gari la theluji linalotabasamu. Nikaliondoa na tabasamu lake, nikaondoa rangi, nikaondoa herufi nene, nikatuma tena. Ilikuwa saa nane mchana.

Saa nane na nusu nikajibiwa na mtu aitwaye Pelletier, wa mji wa Trois-Rivières, mmoja wa walioiandika programu ile. "Habari za mchana, Bibi Haapala. Pole kwa yaliyokupata. Seva ni yenu wenyewe? Na ina ratiba ya usafi?"

Nikamjibu juu ya maneno yake, kama tunavyofanya ofisini. Akarudi: "Samahani, mama. Hapa jibu huwekwa chini ya swali, tusomane kama watu wanaoongea. Na la pili hujalijibu." Siku nyingine angenitambua. Siku ile nilinywea, nikaanza upya, chini ya swali lake la kwanza: ndiyo, ni yetu. Chini ya la pili nikaandika "Ratiba ya usafi" nikaishia hapo.

Ratiba ilikuwepo. Niliiweka mwenyewe: kila Ijumaa, saa tisa alasiri, seva ijifutie mabaki. Saa ya ukutani ilisema saa tisa kasoro dakika sita.

Neno la siri nililikosea mara mbili. La tatu likakubali. Nikaizima ratiba zikiwa zimebaki dakika mbili, jasho likinitiririka mgongoni huku nje baridi inauma, kisha nikamwandikia Pelletier.

"Vizuri sana," akajibu. "Sasa keti. Kusukuma kwa nguvu hakukufuta kitu, kumeondoa jina tu. Kazi ya mwenzako bado imo humo, haina tu jina la kuitwa. Usafi ndio ungeifuta." Akanipa amri moja ya kutafuta vilivyobaki bila jina. "Tafuta cha mwisho kuandikwa. Kila kimoja kimekishika mkono kilichokitangulia. Ukikipata hicho, vyote vitakuja."

Vikatokea vitatu. Viwili vilikuwa takataka zangu za zamani. Cha tatu kiliandikwa Noreen Skalicky, Jumanne, saa kumi alasiri. Nikakipa jina. Yakaja yote, mabadiliko mia moja na manne, hadi la kwanza kabisa la mwezi wa nane.

Niliingia kwa Delbert bila kubisha.

"Yamezoleka," nikamwambia.

"Nini?"

"Maji."

Kisha nikarudi mezani nikayasoma maelezo ambayo Noreen aliyaandika kwenye kila badiliko. Mimi huwa siyasomi ya mtu, najijua, naye ananijua. Siku ile niliyasoma moja moja kwa furaha, mpaka nikafika la sitini na moja, la katikati ya mwezi wa tisa: "Nimerekebisha hesabu ya Verna ya mteremko wa Barabara ya Sita. Gari lingeserereka na dereva wake. Asiambiwe, wiki hii amemzika kaka yake."

Nililia palepale, sina haya ya kusema. Kisha nikamwandikia Pelletier barua ya shukrani, maneno matupu, chini ya maneno yake.

Jumatatu sikumngoja Noreen avue koti. Nilimweleza yote, kuanzia kitufe hadi dakika mbili zile. Nilipomaliza, akauliza.

"Yote yamerudi? Na maelezo yake?"

"Yote."

"Uliyasoma?"

"La sitini na moja nimelisoma mara nyingi."

Akatazama viatu vyake. "Nilijua husomi."

"Ungeniambia, Noreen."

"Wiki ile? Ningekuwa mtu gani?" Akavua koti, akajimiminia kahawa. "Basi, yaishe. Wewe ulinifuta, mimi nilikufichia. Tuko sawa."

Kisha akaichukua kalamu nyekundu kwenye kikombe changu na kuongeza mstari chini ya tangazo: HASA VERNA. Mstari huo upo hadi leo. Na Alhamisi ile theluji ilishuka ya kufika magotini, na saa moja asubuhi mlima wote ulikuwa umeshafagiliwa.